Paka wa Jirani Akija Kwako

Somo la Elimu ya Viumbe, kwa wanafunzi na wazazi



Kila muhula Mhariri wa gazeti letu huniomba somo moja lisilopatikana katika vitabu vya darasani. Mara hii naleta somo la paka. Sisemi paka wako wewe, bali paka wa mtu mwingine aliyezoea kuja nyumbani kwako. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba Mwalimu amekosa la kuandika. Nawaomba wasome mpaka mwisho, maana kosa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

1. Jinsi alivyokuja

Mimi si mwenyeji wa Buha. Nilizaliwa Pangani, na huko pwani paka huingia nyumba yo yote wala haulizwi atokako. Wavuvi wakipara samaki, paka wamejaa miguuni. Jioni kila mmoja ameshika njia yake. Wazee wetu wana mithali isemayo, Paka wa nyumba haingwa, yaani paka aliyezoea nyumba hafukuzwi. Nilikuja Titye mwanzoni mwa mwaka 2023 nikiwa na mithali hiyo kichwani, wala sikujiuliza inasema nyumba ipi.

Usiku mmoja wa Julai, katika ule ubaridi wa kiangazi ambao watu wa Kasulu wanaujua, paka aliingia jikoni kwangu kwa mlango wa nyuma. Alikuwa dume, rangi ya majivu yenye milia, na sikio la kushoto limechanika. Wakati huo nilikuwa nachambua dagaa wa Kigoma. Nikamtupia vichwa vitatu. Kesho yake akarudi saa ile ile, nikampa tena. Baada ya wiki mbili alikuwa akilala kitini kwangu, juu ya madaftari ya Kidato cha Pili, nami nikampa jina la Mgeni.

Sikuuliza ni wa nani. Nilijituliza moyo kwa maneno matatu. La kwanza: paka huyu amekonda, bila shaka hatunzwi. La pili: amekuja kwa hiari yake, sikumwita. La tatu: kama ana mwenyewe, mwenyewe atakuja kumtafuta. Wasomaji wayashike maneno hayo matatu, maana nitayarudia.

2. Punje kumi

Mwezi wa Oktoba tulifika katika somo la kuota kwa mbegu. Niliwaambia wanafunzi wa Kidato cha Pili kila mmoja alete punje 10 za mahindi kutoka nyumbani, azilaze juu ya kitambaa chenye maji ndani ya kopo, aandike jina lake, na kila asubuhi aongeze maji kidogo. Siku ya 5 makopo mengi yalikuwa na mizizi myeupe. Kopo moja lilikuwa na punje 2 tu zilizoota. Nyingine 8 zilikuwa zimevimba na kuanza kunuka.

Nilizitoa nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila moja ilikuwa na kishimo kidogo pale penye kiini. Wanafunzi wanajua kwamba punje ya mahindi ina sehemu mbili kubwa: akiba ya wanga, ambayo ni chakula cha mche, na kiini, ambacho ndicho mche wenyewe ungali mdogo. Kiini kina mafuta mengi kuliko wanga, na panya wanakipenda. Wakipata mahindi mengi mara nyingi hula viini kwanza na kuiacha sehemu nyingine ya punje. Ukitazama kiroba kwa juu utadhani hakikuguswa. Waweza kuyasaga mahindi yale ukapata unga, lakini ukiyapanda hayataota.

Nikamwita mwenye kopo.

"Mahindi haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Katika kiroba cha mbegu."

"Mnazo mbegu nyingine?"

"Hatuna, Mwalimu. Ndizo hizo."

"Hamna paka?"

Akatazama chini. "Tunaye, Mwalimu. Lakini amehama."

"Ni paka wa namna gani?"

"Wa rangi ya majivu, Mwalimu. Sikio lake moja limechanika."

Hakusema amehamia wapi, wala hakuwa na haja ya kusema.

3. Nyumbani kwa Bibi

Jioni ile nilikwenda kwao. Kutoka mlango wangu hadi uwanja wa bibi yake ni hatua 170, nilizihesabu. Bibi huyo ni mjane, anakaa na wajukuu wawili na kulima nusu ekari. Nilimwamkia, akaitikia, akamtuma mjukuu alete kiti cha Mwalimu, yeye mwenyewe akakaa juu ya mkeka. Sikuweza kukaa kitini. Nilisema kabla sijaulizwa shida yangu:

"Bibi, paka wako yuko kwangu tangu Julai. Mimi ndiye niliyemlisha, na sikuuliza ni wa nani. Nimekuja kuomba radhi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Najua, Mwalimu. Watoto waliniambia tangu Agosti. Nikasema, yule ni Mwalimu, nitamwendeaje kwa ajili ya paka? Atasema bibi huyu hana kazi."

Alinieleza kwamba jina la paka yule ni Askari. Alimpata angali mdogo, akatoa kuku mmoja kwa mtu aliyekuwa naye. Kazi yake ilikuwa jikoni na darini, mahali panapowekwa chakula cha mwaka. Tangu Askari aondoke panya walirudi. Walitoboa kiroba cha mbegu kwa chini, huko darini penye giza. Macho ya Bibi hayaoni vizuri siku hizi. Alipotia mkono kwa juu aligusa mahindi, akakifunga kiroba, akaridhika.

Tulikiteremsha tukamwaga mahindi juu ya mkeka. Tukachagua punje moja moja kwa mwanga wa tochi, Bibi akizipapasa kwa vidole, mimi na wajukuu tukizitazama. Zilizokuwa nzima hazikujaza sahani moja. Na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia, wiki mbili au tatu tu.

Fikirini kama somo la kuota kwa mbegu lingekuwa la Januari. Bibi angalipanda punje zisizo na viini, angalingoja siku 10 akitazama udongo mtupu, na wakati anapojua, mvua za kwanza zingekuwa zimempita. Wengi wetu tunajua maana ya jambo hilo kwa mtu mwenye nusu ekari.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini Kasulu nikanunua kilo 5 za mbegu, kipimo kitoshacho nusu ekari. Bibi alikataa kuzipokea bure. Tulivutana sana. Mwisho akasema, "Basi nitazihesabu kuwa ni mshahara wa Askari wa miezi mitatu," akacheka. Nami nikashukuru kwamba alicheka.

4. Makosa ya yale maneno matatu

Sasa turudi katika somo. Nayataja maneno yangu matatu kwa sababu naona kila mtu amlishaye paka wa mwenzake huyasema, na yote matatu yana kasoro.

(a) "Amekonda." Paka ni mwindaji, na kwa maumbile ni mwembamba. Tena hali kama sisi, mara mbili au tatu kwa siku. Hula kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku, kwa kuwa mawindo yake ni wanyama wadogo. Paka aliyekula kwao robo saa iliyopita aweza kulia mlangoni kwako kama yatima. Basi kilio chake si ushahidi. Tazama manyoya yake: je, ni laini, yamelala vizuri? Tazama macho: je, ni safi? Nyosha mkono: je, anakuja bila woga? Paka asiyelelewa na watu tangu utoto huogopa mkono wa mtu. Askari alikuwa na manyoya mazuri na macho safi, na usiku wa kwanza alijisugua miguuni pangu. Dalili zote zilisema kwamba ana kwao. Mimi niliona mbavu tu.

(b) "Amekuja kwa hiari yake." Hili ni kweli, lakini hiari ya paka ina sababu zake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-pori, ambaye wataalamu humwita Felis lybica, na ambaye angali anaishi porini katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Watu hawakumkamata na kumtia zizini kama ng'ombe. Huko Mashariki ya Kati, miaka kama 10,000 iliyopita, watu walianza kulima nafaka na kuiweka akiba. Panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta kaburi la mtu lenye umri wa miaka kama 9,500, na karibu naye amezikwa paka. Basi urafiki wa binadamu na paka ulianzia ghalani, na kwa Bibi ulikuwa ungali ghalani mpaka nilipoleta vichwa vyangu vya dagaa.

Je, paka hutembea mbali kiasi gani? Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020, paka wa nyumbani zaidi ya 900 wa Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand walivishwa vyombo vidogo vya kuonyesha waendako. Wengi wao hawakuzidi meta 100 kutoka kwao. Sasa, "kwao" na paka ni wapi? Ni pale anapolala na kula. Hatua zangu 170 ni kama meta 120. Askari alipokula na kulala kwa Bibi, dari ya Bibi ilikuwa katikati ya duara lake, na jikoni kwangu palikuwa ukingoni. Nilipomzoeza kula na kulala kwangu, duara lilihama pamoja naye, na dari ya Bibi ikabaki nje.

Hapa nataka kusahihisha jambo moja. Wako wanaomnyima paka chakula ili awinde, wakisema paka akishiba hawindi. Si kweli. Kuwinda kwa paka si njaa tu, ni silika. Paka aliyeshiba humrukia panya vile vile, ijapokuwa huenda asimle. Ila huwinda pale alipo. Bibi hakumkosa Askari kwa kuwa nilimshibisha, bali kwa kuwa nilimhamisha.

Nao wazee wa hapa watakumbuka kwamba zamani Waha waliishi mbali mbali, kila mji peke yake na mashamba yake. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, watu wakahamishiwa katika vijiji, nyumba zikakaribiana. Penye miji iliyotawanyika, duara la paka huwa na nyumba moja. Penye kijiji, duara lile lile laweza kuwa na nyumba kumi. Kwa hiyo sisi tunaokaa vijijini hatuna budi kuwa na desturi juu ya jambo hili, kama tulivyo na desturi juu ya mbuzi anayeingia shambani.

(c) "Mwenyewe atakuja kumtafuta." Hili ndilo baya kuliko yote. Mwenye paka aweza kuwa mtoto, au mzee, au mtu anayekuogopa kwa sababu ya cheo chako. Wengine tena hawapendi kusema kwamba paka atembeaye usiku ni wao, wasije wakasingiziwa uchawi. Mtu wa namna hiyo hatakuja. Atanyamaza, nawe utadhani kunyamaza kwake ni ruhusa. Bibi alinyamaza tangu Agosti hadi Oktoba. Kama angalikuwa Mwalimu Mkuu ndiye mwenye paka, nadhani ningalijua siku ya pili, na ningalimrudisha mbio. Basi wajibu wa kuuliza ni wa yule ambaye paka amelala kitini kwake.

5. Hatari za kuangaliwa

Kumjua mwenye paka kuna faida nyingine, nayo ni ya afya.

Kwanza, kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa, na ni kweli kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza watu mara nyingi zaidi, lakini hata paka huupata na kuueneza kwa kuuma. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Lakini kabla ya dalili twaweza kuuzuia. Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto Joseph Meister huko Ufaransa tarehe 6 Julai, 1885, na mtoto akapona. Ukiumwa na paka au mbwa ye yote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Usifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Na paka akibadilika ghafula, akawa mkali bila sababu, akitokwa na udenda au akipepesuka, usimshike. Mwite Afisa Mifugo. Atakuuliza kwanza: ni wa nani, na je, amechanjwa? Paka asiye na mwenyewe hana wa kumjibia.

Pili, kinyesi. Paka aweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho mtu mzima mwenye afya huenda asikihisi, lakini kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Mwingine asafishe, kila siku, kisha anawe kwa sabuni. Mboga za bustani zioshwe vizuri.

Tatu, sumu. Mtu akitega sumu ya panya bila kuwaambia majirani, panya hula sumu, akalegea; paka humkamata kwa urahisi, naye akafa. Hata dawa zetu ni sumu kwake: usimpe paka parasetamoli hata kipande, maana humwua. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi wazima, ijapokuwa wanayapenda.

Nne, sheria. Paka wa mtu ni mali ya mtu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabu kuwa mkosaji yule amwuaye au amjeruhiye mnyama wa mwenzake kwa makusudi bila haki ya kisheria, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Hivyo paka akikuibia nyama, funika nyama. Usimwagie maji ya moto wala usimtegee sumu.

6. Taratibu ya kufuata

Paka usiyemjua akija kwako, fanya hivi:

Moja. Usimpe chakula siku ya kwanza, wala ya pili. Maji waweza kumpa. Akiwa mgonjwa au amejeruhiwa, hilo ni jambo jingine. Mwite Afisa Mifugo.

Mbili. Uliza. Anza na watoto, kwa sababu watoto wa kijiji wanajua kila paka, kila mbwa na kila kuku. Uliza mahali pa kuchotea maji. Ukikosa, mwulize mwenyekiti wa kitongoji.

Tatu. Usipopata jibu, mfunge shingoni ukanda mwembamba wa karatasi, ulioandikwa, "Paka huyu ni wa nani? Huja kwangu," pamoja na jina lako. Iwe karatasi inayochanika upesi. Usitumie uzi wala kamba, maana akinasa kwenye mti atajinyonga.

Nne. Ukimpata mwenyewe, nenda wewe kwake. Usimtume mtoto, wala usingoje akujie. Mkubwa akienda kwa mdogo, mdogo atasema kweli.

Tano. Sikilizaneni. Mwingine atakwambia, "Mpe tu, sina neno." Mwingine atasema, "Usimlishe." Mwingine atakuwa amemtupa, naye atafurahi umchukue. Majibu yote matatu ni mazuri, kwa kuwa ni majibu yake mwenye paka.

Sita. Mkikubaliana arudi kwao, usimlishe tena, usimkune, usimfungulie mlango. Mwenyewe naye ampe chakula nyumbani kila jioni saa ile ile, na usiku amfungie ndani kwa wiki mbili.

Saba. Usimpige ili aondoke. Hatajua kosa lake, maana hana kosa.

7. Jinsi ilivyokwisha

Tulimrudisha Askari ndani ya tenga lililofunikwa kanga. Kabla sijafika mlangoni kwangu, yeye alikuwa amekwisha fika. Ndipo tukafuata hiyo taratibu ya sita. Bibi alimpa ugali na mchuzi wa dagaa kila siku saa 12 jioni, kisha akamfungia jikoni. Kila alipotoroka alikuja kulia nyuma ya nyumba yangu. Usiku tisa alilia. Nilikaa ndani nikisahihisha madaftari, dagaa wangu wakiwa kabatini, nikamwacha alie. Na nakiri kwamba sikusahihisha vizuri. Usiku wa kumi hakuja.

Bibi naye hakumwachia Askari kazi yote. Siku hizi huweka mbegu katika debe la bati lenye kifuniko, baada ya kuzianika mpaka zikauke kabisa. Paka hupunguza panya, lakini hawamalizi. Yuko panya shamba, Mastomys natalensis, anayesumbua wakulima nchini kote. Jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Mbele ya adui wa namna hiyo ni vizuri kuwa na paka na debe pia.

Oktoba 2024 niliwapa wanafunzi wapya kazi ile ile ya punje 10. Mjukuu wa Bibi alikuwa amekwisha kuingia Kidato cha Tatu, lakini alileta kopo lake bila kuombwa, akaliweka dirishani pamoja na mengine. Siku ya 5 zilikuwa zimeota 9.

Askari bado hupita kwangu mchana, hasa jua likiwa zuri. Hulala ngazini, mimi nikapita kando yake nikienda darasani. Simwiti Mgeni tena, namwita kwa jina lake. Jioni, kabla ya saa 12, huinuka, akajinyosha, akashika njia ya kwao.

Mazoezi

1. Chora duara lenye nusu kipenyo cha meta 100, nyumba yenu ikiwa katikati. Tafuta eneo lake kwa meta za mraba, kisha kwa hekta. Onyesha nyumba zote zilizo ndani yake.

2. Tuseme darini wamo panya 20, na kila mmoja hula gramu 15 za mahindi kwa siku. Watakula kilo ngapi katika siku 90?

3. Kabla ya kupanda, chukua punje 100 katika mbegu zenu uzioteshe. Andika zilizoota kwa asilimia. Kama ni chini ya 80, waambie wazazi mapema.

4. Eleza kwa nini punje iliyoliwa kiini yafaa kwa unga lakini haifai kwa mbegu.

5. Waulize wazazi: katika nyumba yetu, je, kuna kitu cha jirani kilichokuja chenyewe, na hatujauliza ni cha nani? Swali hili halitasahihishwa na Mwalimu.